Sensa ya Joto Ifungwe Wapi, na Bibi Harusi Yumo Garini

Jumapili, mchana. Jua la Nachingwea leo halina huruma, na feni ya hapa kwenye kibanda cha intaneti inazunguka kwa kujivuta. Viganja vyangu bado vina weusi wa grisi ambao sabuni ya unga na mafuta ya taa vimeshindwa kuutoa. Nimechoka, lakini nikilala kabla sijaandika nitasahau nusu, na hiyo nusu ndiyo inayochekesha.

Jana tulimpeleka mdogo wangu Zuhura kwa mumewe, Matambarale. Ndoa ilifungwa Ijumaa nyumbani kwetu, ikabaki kumfikisha tu. Upande wa bwana harusi walijitolea kutuletea pikapu yao, ile inayobeba korosho. Nikakataa mbele ya watu. Nilisema bibi harusi wetu hawezi kwenda kwa mume juu ya pikapu ya magunia wakati dada yake ana gari la tabo.

Sasa, hilo gari la tabo.

Nililinunua Dar mwezi uliopita, limeshatumika, kwa sababu lilikuwa jekundu. Tabo sikujua ni nini. Chibwana, fundi wa mtaani kwetu, ndiye aliyenieleza: ni feni inayozungushwa na moshi wa injini, inaisukuma hewa iingie ndani kwa nguvu. Alipofungua boneti akakuta kidude kimoja kimegandishwa kwa tepu ubavuni mwa betri. Bomba lake la asili lilishabadilishwa, na hili jipya halina tundu.

"Hii sensa ni ya kupima joto la hewa, dada," akasema. "Kompyuta ya gari inaisikiliza hii ndiyo ijue cheche zipigwe saa ngapi. Sasa wenzako wameiweka inapima betri."

Tukabaki na swali moja: ifungwe wapi?

Jumatano akaifunga kwenye boksi la chujio la hewa. Niliona sawa kabisa. Hewa inaingilia hapo, basi ipimwe mlangoni. Tukapakia magunia ya mahindi ya mama ili tulijaribu, na mlimani injini ikaanza kugonga kama mtu anayeponda kokoto. Chibwana akashuka, akainama, akafikiri. Akasema hewa ya mlangoni ni ya baridi, lakini ikishabanwa na tabo inapata joto kali, na kompyuta haina habari. Inaendelea kupiga cheche mapema kana kwamba mambo ni shwari.

Mimi ni nesi, kosa hilo nikalielewa mara moja. Ni kumpima homa aliyemsindikiza mgonjwa.

Ijumaa, watu wakiwa kwenye pilau, akaihamishia kwenye bomba la chuma lililolala juu kabisa ya injini, pale hewa inapogawanyika kuingia ndani. "Hapa ni mwisho wa safari yake," akasema. "Haiwezi kutudanganya tena." Tukazunguka mtaa, likaenda vizuri. Nikalala na amani ya mtu asiyejua kitu.

Jana nilishika usukani mimi. Pembeni yangu Chibwana, ambaye alisema anakuja kama ndugu lakini alibeba spana. Nyuma Zuhura, kajifunika. Tukapitia Chiola kumchukua shangazi Somoe, tukamkuta anaoga.

Nikazima gari juani. Shangazi akamaliza kuoga, akaanza kutafuta kanga. Akapata moja, ya pili akakumbuka ameiazimisha kwa jirani. Tukasubiri kanga irudi. Hatimaye akaketi, gari likawaka bila tabu, na kwenye mwinuko wa kwanza likaishiwa nguvu.

Afadhali lingezima. Lilikuwa linatembea kama limetumwa mahali lisikotaka kwenda. Mzee mmoja aliyekuwa anasukuma baiskeli yenye gunia la mkaa akatufikia, akawa sambamba na dirisha langu. Nikampa shikamoo. Akaitikia, akauliza habari za safari, nikasema nzuri, akaniuliza na za nyumbani. Hayo yote yaliisha kabla hajatupita.

"Mwanahawa," shangazi akasema kwa upole. "Hili ndilo la tabo?"

"Ndilo, shangazi."

"Na lile la korosho liko wapi?"

Tukasimama. Lile bomba la chuma lilikuwa la moto kama kikaango. Wakati tunasubiri kanga, joto la injini lilipanda likakaa hapo, sensa ikawa inapima chuma badala ya hewa. Kompyuta ikaamini tunavuta hewa ya tanuri, ikaogopa, ikapunguza nguvu.

Zuhura akasema kutoka ndani ya kanga, "Dada, wakija kutuvuta na ile pikapu, mimi nashuka narudi nyumbani."

Sauti yake ilikuwa ya mtu anayelia.

Hapo ndipo mdomo wangu uliponikera mwenyewe. Nikaanza kupapasa mabomba moja moja, kama ninavyopapasa tumbo la mama mjamzito. Linalotoka kwenye tabo likaniunguza. Linaingia kwenye intakula, ile rejeta ndogo ya kuipooza hewa. Linalotoka upande wa pili lilikuwa vuguvugu tu, na mbele yake, kabla halijafika kwenye chuma cha injini, kulikuwa na kiungo cha mpira.

"Chibwana, hewa inayoingia ndani ni hii. Ishapata joto, ishapozwa. Na mpira haushiki moto kama chuma."

Akagusa. Akagusa tena. "Sawa, dada. Lakini mpira huu natoboa na nini?"

Shangazi akatoa kisu cha kumenyea muhogo kwenye mkoba wake wa harusi. Hakuna aliyemuuliza.

Sensa ikaingia kwenye mpira, ikazungushiwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Tundu la zamani likazibwa kwa bolti. Nikakanyaga mafuta, na gari likapanda mwinuko kama si lile. Ila hewa ilikuwa inaponyoka pembeni ya sensa, na kila tabo inapoanza kusukuma ikatoka sauti nyembamba, kali, ya kupandisha. Kigelegele, hakika.

Tukaingia Matambarale tunapiga vigelegele. Wanawake wa upande wa bwana harusi wakatusikia tungali mbali, wakaitikia, wakatoka barabarani na ngoma. Mama mkwe akachungulia dirishani kulitafuta kundi lililokuwa linashangilia hivyo.

"Wengine wako wapi?"

"Ni mimi tu," shangazi akasema, akashuka.

Kanga ya Zuhura ikatikisika. Nilimshika bega nikajua anacheka.

Asubuhi ya leo Chibwana amekuja. Anataka kuchomelea kiti cha sensa kwenye bomba la baada ya intakula, imara, kimya. Shangazi naye ametuma ujumbe tusiguse kitu, Jumamosi ana harusi nyingine.

Nimemwambia Chibwana asubiri. Kesho nina zamu ya asubuhi, na njia ya kupanda hospitali ina mwinuko. Sijui wodi ya wazazi watadhani nani kajifungua.