Pamba Mbichi Haina Kiu

Mama mkwe wangu uliyeko Migato,

Mwangaluka, mayu, mama yangu. Ni mimi, mume wa Kabula. Najua umeshtuka, maana kwa miaka tisa ya ndoa yetu sijawahi kukusemesha neno, na wewe hujawahi kunitazama usoni. Ndivyo tulivyolelewa: mkwe wa kiume na mama wa mke wake hawakai sebule moja. Lakini karatasi haina uso. Nimemwomba Kabula akusomee barua hii Jumamosi, kwa Kisukuma, hapo uani, shemeji Masanja akiwepo na majirani wakitaka wasogee, kwa sababu maneno mabaya niliyokusema niliyasema mbele ya watu. Kabula, soma kama ilivyo. Najua unavyoruka mistari usiyoipenda, na nimeshamwambia kaka yako Masanja asimame nyuma yako aangalie.

Unajua mwanao kaolewa na mtu wa kushuku. Sijui kama nilizaliwa hivyo kwetu Kiloleli, ziwani, au ni kazi iliyonifanya. Msimu wa pamba mimi ndiye karani wa mizani, na watu huleta magunia yenye mchanga katikati, yenye mawe, yenye maji yaliyonyunyizwa asubuhi ili uzito upande. Kwa hiyo mkono wangu huingia ndani ya gunia mpaka kwapani kabla mwenye gunia hajamaliza salamu. Nikirudi nyumbani mkono haupumziki. Nikipewa chai nzuri nauliza leo kuna nini. Kabula amezoea, ananiambia ninywe tu, haina mchanga.

Ulipokuja kwetu Bariadi baada ya kuvuna mahindi, daktari wa macho alikuwa ameshasema una presha ya macho, kwamba utie dawa kila siku na urudi kliniki kila mwezi, la sivyo hata kile kidogo unachokiona kitaondoka. Tukakupa chumba cha pembeni mwa korido. Nyumba ni ya kupanga, ndogo, wewe mwenyewe uliipima kwa fimbo siku ya kwanza. Tukapatana kupitia kwa Kabula: nikifika mlangoni nakohoa mara tatu, wewe unajitanda kanga na kuingia chumbani, ndipo naingia. Asubuhi vivyo hivyo, nakohoa kabla sijafungua mlango wetu.

Hivyo nilikujua bila kukuona. Nilijua mwendo wa fimbo yako. Nilijua umekaa jikoni na mwanao kwa sababu kicheko kilikuwa kinakatika nikikohoa, na nakiri kilikuwa kinaniuma kukikata. Nilikuta matobolwa, viazi vile vya kukaushwa, yamefunikwa kwa sahani juu ya kigoda changu, na Kabula huwa hanifunikii kitu. Unakumbuka jioni ile ya mvua kubwa? Bati lilikuwa linapiga kelele, wewe uko chumbani kwako na mlango wazi kidogo, mimi sebuleni, Kabula katikati. Ulimsimulia jinsi marehemu mume wako alivyomfukuza ng'ombe wa jirani akagundua kilimani kwamba ni ng'ombe wake mwenyewe. Ulisimulia kwa sauti kubwa kuliko alivyohitaji Kabula. Nilijua unanisimulia mimi pia. Nilicheka nikiwa nimeziba mdomo kwa shuka.

Sasa nije kwenye ndoo.

Hatuna bustani, uani ni kwa wapangaji wote na mbuzi wa mwenye nyumba, ambao hawajui mipaka. Maji ya bomba ni ya zamu. Mimi msimu wa pamba naondoka alfajiri, Kabula yuko shuleni na watoto wa watu. Ndipo nikaona kwenye simu mtu akitengeneza ndoo zinazojimwagilia zenyewe, nikasema hii ndiyo dawa yetu. Nikatafuta ndoo kumi za rangi, nikazisugua, nikaziingiza mbili mbili. Ndoo ya chini inashika maji. Ya juu inashika udongo na mbolea ya ng'ombe, nayo nimeitoboa matundu kitakoni. Katikati unapita utambi, unazama kwenye maji chini na kuishia kwenye udongo juu, ili mizizi inywe kidogo kidogo kama taa inavyonyonya mafuta. Pembeni kuna bomba la kujazia, na ndani ya bomba kijiti chenye kipande cha kandambili kinachoelea, maji yakishuka na kijiti kinashuka. Nikazipanga zote tano chini ya madirisha ya sebule na korido. Mchicha mbili, figiri mbili, nyanya moja.

Utambi niliusokota kwa pamba. Video ilisema kamba ya kitambaa, lakini mimi nikaona ni aibu, mtu wa Simiyu kwenda kutafuta kamba wakati tumezungukwa na pamba. Na si nilikuwa nimekamata watu wangapi kwa pamba iliyolowa? Pamba inakunywa maji, nikasema, nani wa kunifundisha. Nikachukua pamba safi kutoka shambani, nyeupe pe, nikaitoa mbegu, nikasokota nyuzi nene kama kidole.

Wewe uliishika moja. Kabula aliniletea maneno yako jioni: "Mama anasema pamba mbichi haina kiu."

Nikamuuliza ana maana gani.

"Ndivyo alivyosema. Anasema labda utumie kanga kuukuu."

Mayu, nilikaa na maneno hayo siku mbili nikiyageuza. Nilidhani unanisema. Nilidhani pamba mbichi ni mimi, kijana wa ziwani asiyejua shida ya maji ya Migato. Sikudhani hata mara moja kwamba ulikuwa unazungumzia pamba.

Mchicha ukaota, na figiri ikajaa. Wiki tatu nzima vijiti vyangu havikushuka hata upana wa kidole, nami nikatembea kifua mbele. Niliwaleta wenzangu wa ghalani kuangalia, nikawaambia ndoo zangu zinakunywa kwa adabu. Mimi ninayeshuku mpaka chai, habari hii njema sikuishuku. Nikashuku mambo mengine kabisa. Pipa la jikoni lilikuwa linapungua kuliko tulivyozoea. Asubuhi nikikanyaga sakafu ya korido nakuta maji karibu na ndoo, yametoka kwenye kitundu nilichokiweka ubavuni cha kupunguzia maji yakizidi. Yamezidi kutoka wapi, na mimi sijajaza?

Nikaanza kusikiliza. Alfajiri nilisikia fimbo yako, polepole, halafu kimya kirefu, halafu fimbo tena. Nikanyunyiza majivu ya mkaa kuzunguka ndoo. Asubuhi nikakuta nyayo zako na vitobo vya fimbo, ndoo hadi ndoo, hukuacha hata moja. Jamani, nikajiambia, huyu mama anazizunguka ndoo zangu kabla ya jua, anamwaga maji, hasemi kitu kwa mtu. Nikampigia Masanja simu nikamuuliza kama kwenu kuna mizimu inayomwagiwa maji. Masanja, ulikata simu, na ulifanya sawa. Kisha nikalisema hilo jambo kwa mwenye nyumba, na kwa wenzangu wa kwaya, ambao walitikisa vichwa kama nilivyotarajia.

Na siku iliyofuata nilifanya lile ambalo ndilo limenishikisha kalamu. Niliamka, nikavaa, kisha nikavua viatu nisisikike. Sikukohoa. Nilifungua mlango ghafla.

Ulikuwa umepiga magoti kwenye korido. Mkono mmoja una kikombe cha bati, mwingine umezama kwenye udongo wa figiri mpaka kifundoni, na midomo yako inatembea. Ulinisikia. Ulivuta kanga ukajifunika kichwa chote, kikombe kikaanguka, fimbo ikateleza ikaenda mbali. Mimi siwezi kukushika mkono kukuinua, wewe huwezi kuniomba. Nilipaswa kurudi ndani na kufunga mlango. Sikurudi. Nilisimama nikitafuta hirizi sakafuni kwa macho, na wewe ukatambaa ukipapasa ukuta mpaka ukaupata mlango wako. Nikiwa nakoroga chai, hadi leo, nauona mkono wako ukitafuta ule ukuta.

Nilimwambia Kabula, kwa sauti ya wewe kusikia, "Muulize mama yako anazinuizia nini ndoo zangu." Kabula alilia, nikaona analia kwa kuwa siri imefichuka. Kabla ya saa sita mchana ulikuwa umeshapanda gari la kurudi Migato, na chupa ya dawa yako ikabaki dirishani.

Siku ya tano mchicha ukalala. Siku ya nane figiri ilikuwa kama tumbaku. Vijiti vyangu vilikuwa juu kabisa, maji yamejaa tele kwenye ndoo zote. Nikasema basi, ushahidi ndio huo, ameikausha mimea yangu akiwa amekaa nyumbani kwake. Mungu anisamehe, nililisema hilo kanisani kwenye kundi la maombi na watu wakaliombea.

Kabula hakuwa analia tena. Alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chako, ananitazama. Akasema, "Wewe si ni mtu wa kuingiza mkono kwenye magunia ya watu? Mbona kwenye ndoo zako hujawahi?"

Nikaingiza mkono. Udongo ulikuwa mkavu juu, mkavu katikati, mkavu mpaka kitakoni. Nikachomoa ndoo ya juu. Utambi wangu ulikuwa umening'inia ndani ya maji, na inchi moja tu juu ya maji ulikuwa mkavu na mweupe kama siku nilipousokota. Haukuwa umepandisha hata tone. Nikaenda kwa fundi mmoja wa kiwanda cha kuchambua pamba, akacheka mpaka akashika nguzo. Akaniambia pamba ya shambani ina mafuta yake ya asili, inayakataa maji kama manyoya ya bata. Ile ya hospitali hunywa kwa sababu imechemshwa kwanza. Nikamuuliza kuhusu magunia yaliyolowa. Akasema maji hayo yamekaa tu katikati ya nyuzi, hayapandi kokote.

Kumbe mayu umelima pamba miaka yako yote, umeona mvua ikiiangukia shambani na kuteleza. Uliniambia, nikadhani ni fumbo.

Kabula alinisimulia mengine jioni hiyo, na hapa Kabula usiruke. Alisema siku ya nne tu ya ndoo zangu wewe uligusa udongo ukaukuta mkavu, kwa sababu vidole vyako ndivyo macho yako. Ukamwambia miche inakufa na mume wake ameshawaita watu kuiangalia. Ukamwapisha asiseme. "Usimwaibishe mumeo, ndoo zake ndizo furaha yake." Ukawa unaamka kabla yangu, vikombe vitatu kila ndoo, na midomo iliyokuwa inatembea ilikuwa inahesabu, imo, ibili, idatu, ili nyanya isipunjwe. Maji yaliyobaki yalichuruzika chini na kuvifanya vijiti vyangu visishuke, nami nikajisifu. Kwa hiyo nilikuwa sahihi katika jambo moja: Kabula alikuwa ananificha kitu. Nimemsamehe haraka sana.

Nimerudi kwenye kundi la maombi nikawaambia niliwaombesha uongo. Mwenye nyumba nimemwambia. Masanja nimempigia, na safari hii alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema niandike. Nina aibu, mayu. Uliilinda heshima yangu alfajiri baada ya alfajiri, mimi ya kwako nikaivunja kwa kuvua viatu.

Kliniki mbili zimekupita. Masanja anasema macho yako ni mazima kabisa, na kwa hilo namshuku, kwa sababu Kabula alipokuja mwezi uliopita alikuona ukimimina uji nje ya kikombe na kusema umefanya makusudi kwa ajili ya kuku. Siku ya kliniki ni Jumatano. Tafadhali rudi na Kabula Jumatatu. Kama kuna kitu nimewahi kukuomba, ni hicho kimoja. Dawa yako, uliyokataa Kabula akuletee, nimeihifadhi mahali penye baridi kama daktari alivyosema, na chumba hakijalalwa na mtu.

Ndoo nimezifufua. Kabula alichana ile kanga yako kuukuu uliyoiacha ya kupangusia miguu, tukaitia kama utambi, na maji yanapanda. Nahakikisha kwa mkono kila siku. Lakini ziko nne tu zenye utambi. Ya tano nimeipanda figiri na kuiweka karibu na mlango wako, haina bomba, haina kijiti, na kikombe chako cha bati kiko juu ya kifuniko cha pipa. Hiyo haitajimwagilia yenyewe. Mimi siigusi, na nimemkataza Kabula.

Asubuhi nitakohoa mara tatu kama zamani, nikiwa na viatu. Ukinisikia na hujamaliza kuhesabu, usiharakishe. Maliza kwanza, nitakohoa tena.

Wabeja, mayu, asante.

Mkweo, mume wa Kabula