Mwalimu Atupele, Leo Nimewafungulia Watoto

Mwalimu wangu Atupele,

Leo nimefungua chumba cha kompyuta. Nimechelewa, najua. Tangu tukuzike kule Kisiba nilikuwa nikikipita hapo nyuma ya kanisa bila kugeuza uso. Watoto wakitoka shule walikuja wakakaa barazani, mvua hii yetu ya Tukuyu ikiwarushia matone. Waliutazama mlango uliofungwa. Walikaa tu.

Uliponichukua nikusaidie, niliogopa hata kugusa mausi. Ukacheka: "Neema, haing'ati. Cheza nayo kwanza, kujua kutakuja." Watoto nao uliwafundisha hivyo hivyo. Uliwachorea kibodi kubwa kwa chaki sakafuni, wakaruka herufi hadi herufi kuandika majina yao, ndipo wakaingia ndani kuzitafuta kwa vidole. Wazazi waliponung'unika kwamba wanacheza tu, uliwaita nao waje waruke. Bibi yake Tumpe, yule mwanafunzi wako mdogo, alitoka Suma, akakaza kanga kiunoni, akaruka jina lake lote. Hakuwahi kuliandika maishani. Akakushika mikono miwili akikushukuru kwa Kinyakyusa: "Ndaga fijo, mwalimu. Ndaga fijo." Ukageuka ukutani ukafuta macho.

Halafu ile homa. Ulisema ni uchovu. Hata njiani kwenda hospitali uliniagiza nizifunike kompyuta zisiingie vumbi. Nilizifunika, Mwalimu. Nikarudi hospitali kukwambia... hukunisikia tena.

Juzi kamati ya kanisa ilisema chumba kiwe stoo ya mahindi, maana mwenye ujuzi hayupo. Nilichukua kikapu changu nikaondoka. Mimi ni nani niwapinge?

Lakini leo Tumpe alinivuta sketi. "Dada Neema, Mwalimu akirudi atakuta tumesahau." Kumbe hakuna aliyemweleza. Nikachuchumaa, nikamwambia kweli, kwamba hutarudi. Akalia. Nikalia. Wote wakalia. Nikafungua mlango kwa sababu sikujua kingine cha kuwafanyia.

Mwenyekiti wa kamati alisikia kelele akaja, uso umekunjwa. Tumpe, macho bado mekundu, akamsogezea kiti, akamshika kidole akakiweka juu ya herufi. "Anza hapa, babu." Mzee akaanza. Alipoona jina lake limetokea, akageuka akaniambia, "Mahindi yatatafutiwa mahali pengine."

Nilitaka kukimbia nikakwambie. Nikakumbuka.

Inauma, Mwalimu. Inauma mno. Nikikosea sasa, nani atanicheka kwa upendo?

Pumzika, mama yangu wa pili. Kesho nikitoka kuchuma chai nitafungua tena, na siku zote nitakazojaliwa. Nitawafundisha, hata sauti ikinikatika.

Mwanao,
Neema