Pijo Langu Limekufa, Kanisa Linataka Lifufuke

Mpendwa Shangazi Nyanchama, naomba msaada wako kabla kichwa changu hakijapasuka, maana tangu mvua hii ya El Nino ituangushe mimi siketi mahali nikatulia, nikianza kupogoa majani chai naacha katikati, nikianza kukama nasimama, na kila mara najikuta nyuma ya boma pale gari langu lilipovutwa, nimeingia ndani, nimeshika usukani, na haliendi popote.

Gari lenyewe ni Pijo 504 la zamani, jeupe, lile refu la safu tatu za viti, na siku lilipofika nyumbani marehemu mama yangu alilinyunyizia maziwa kama ng'ombe anayeingia bomani akalipa jina Chelel, yaani mweupe, na tangu hapo Chelel ndiye ambulensi yetu huku nje ya Litein, ndiye gari la maharusi, la maiti, la mbolea, na kuna watoto waliozaliwa kwenye kiti chake cha nyuma kabla hatujafika hospitali, wawili wanaitwa Kipsang na mmoja Chesang, kwa sababu sisi Wakipsigis mtoto aliyezaliwa nje ya nyumba ndivyo tunavyomwita, na wote wakimwona Chelel hukimbia kumgusa.

Sasa tulikuwa tunatoka harusini, matope yakatuvuta pale kwenye kona ya daraja, tukabiringika mpaka majani chai ya jirani yakatushika, namshukuru Mungu hakuna aliyekufa, mama watoto ndiye aliyevunjika mkono na amefungwa plasta, lakini Chelel aliumia vibaya sana, chesisi, ule uti wa mgongo wa gari, imepinda, paa limeingia ndani, mlango mmoja hatujauona hadi leo. Mtu wa bima akaja na viatu vyake safi, akalizunguka mara moja tu, akasema gari limekufa, kulitengeneza kunashinda thamani yake, basi nichague, wachukue mabaki wanilipe, ama nibaki nayo wanipe kidogo nihangaike mwenyewe.

Ningekuwa nimeshaamua, Shangazi, lakini Jumapili iliyofuata mzee wetu wa kanisa, Johana, alisimama baada ya matangazo akasema, "Hii gari si ya Weldon peke yake. Imebeba sisi wote. Tufanye harambee leo leo," na kabla sijameza mate jogoo wa sadaka alishapigwa mnada, akina mama wakaahidi kuchuma chai Jumamosi nzima na kuitoa yote, na mimi, badala ya kuomba muda nifikirie, nikasimama nikasema asante. Nikamwita Ratemo, fundi wa Litein, akasema chesisi itanyooka, ataifunga kwa mnyororo kwenye mti aivute, halafu achomelee. Nikamuuliza kama litakuwa kama zamani. Akasema, "Itavuta kushoto kidogo. Wewe utazoea."

Nikikubali, nitabeba watu kwenye gari la kuvuta kushoto, na siwezi kumkatalia yeyote saa yoyote kwa sababu wote wamechanga. Nikikataa, nitakuwa mtu aliyeuza gari la watu wote. Mama watoto naye hanisaidii, nikimuuliza anasema tu, "Wewe fanya vile unaona. Mimi nitatembea," na kweli anatembea, siku ya soko anakwenda Litein kwa miguu, tena anaacha barabara anapita njia ndefu ya mashambani, sijui anataka kunionyesha nini. Nimpeleke Chelel kwa fundi, ama niwaachie bima?

Wako anayehangaika,
Weldon, karibu na Litein

SHANGAZI ANAJIBU

Weldon, kwanza pole. Sikucheki. Gari ambalo watoto wamezaliwa ndani yake si mabati matupu. Sasa keti, maana naona hata barua hii umeiandika ukiwa umesimama.

Yule wa viatu safi alikuambia ukweli. Ratemo naye alikuambia ukweli, ila wewe ulilisikia neno "utazoea" ukaliacha neno "kushoto". Utazoea wewe. Mama mwenye uchungu aliyelala kiti cha nyuma hatazoea. Mkiteremka kwenda darajani, upande wa kushoto kuna nini? Unajua kuliko mimi. Siku mtu akifia humo, hakuna atakayesema kanisa lilichanga. Watasema Weldon ndiye aliyeendesha. Majuto ni mjukuu, bwana.

Johana alikosea kwa upendo, nawe ukakosea kwa haya. Kwetu Kisii ni vilevile, mtu akishachangiwa anadhani hana ruhusa ya kukataa. Ruhusa unayo. Jumapili simama pale pale, usimtume mtu, uwaambie asanteni, lakini gari hili halitakuwa salama tena na siwezi kubeba watoto wenu ndani yake. Warudishie. Jogoo kama ameliwa, ameliwa. Wasipotaka kurudishiwa, waweke akiba ya kukodisha gari siku mgonjwa anapotakiwa kukimbizwa hospitali, na kamati iwe ya kanisa, si shingo yako. Bima wachukue mabaki. Waombe tu wakuachie kile kiti cha nyuma, ukiweke barazani, akina Kipsang wakija wakikalie.

La gari limekwisha. Sasa nakuja kwako.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta kitu. Gari lina jina. Fundi ana jina, mzee wa kanisa ana jina, hata watoto wa watu wana majina. Aliyekaa ndani ya gari mkibiringika naye ni "mama watoto" tu. Mkono wake umeuandikia maneno machache, kisha ukaenda kuulilia mlango. Nimekasirika, na sitaficha. Eti hujui anataka kukuonyesha nini? Hataki kukuonyesha chochote. Anaiogopa ile kona. Anaikwepa, mkono mmoja kwenye plasta na mwingine umeshika kikapu, na wewe uko nyuma ya boma umeshika usukani. Ulimuuliza akakujibu kwamba atatembea. Hukusikia.

Siku ya soko ijayo mbebee hicho kikapu. Habari ya Chelel isikutoke mdomoni. Mkifika mahali anapoiacha barabara, nawe iache. Mwite kwa jina lake, lile alilokuja nalo kwenu, umuulize mkono unaumaje. Kisha nyamaza umsikilize, hata ikiwa ni mpaka Litein.