Mkono Wako Haukukosea

Dada mpenzi,

Shikamoo. Natumaini u mzima huko chuoni na kile kikohozi kimekuacha. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu sana, ila bado anadai blanketi lake uliloondoka nalo.

Nina habari, na nimevimba kichwa kwa ajili yake, univumilie. Kuku wetu wapya mia mbili wametimiza miezi minne, na hajalemaa hata mmoja! Banda ni kelele tupu. Walichanjwa na mikono hii hii ya mdogo wako, ambaye hata jogoo akimkodolea macho huangalia chini.

Unawakumbuka wale wa kwanza, uliowachanja siku ile ile walipototolewa. Walipofika miezi mitatu wakaanza kuanguka, mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, kama wanaoruka mtaro. Mama akasema hukuchoma sindano sawasawa, akili yako ilishatangulia chuoni. Aliwaambia majirani, na wewe mwenyewe alikupigia simu.

Baadaye daktari wa mifugo akaja, akampasua mmoja juu ya meza ya kufulia. Ini lilikuwa limejaa vinundu vyeupe. Akatueleza kuwa hiyo ni saratani inayoletwa na kirusi, huwavamia kuku wangali wadogo. Akauliza dawa ya chanjo ilichanganywa lini. Mama akajibu kwamba hayo aulizwe binti yake mkubwa.

Dada, niliyeichanganya ni mimi. Ulikuwa bado unafunga sanduku, nami nilitaka ukute kila kitu tayari unisifu. Maelezo ya kwenye chupa yameandikwa kwa Kiingereza, ile lugha ya darasani, na niliyaelewa vizuri: ikishachanganywa, isipite saa nzima, la sivyo hupoteza nguvu. Ulipotokea zilikuwa zinakaribia kutimia saa mbili tangu niichanganye. Nikaona aibu kusema, nikakupa chupa. Kisha nikakuacha ulaumiwe.

Lakini siku ile ya kupasua kuku nilisema ukweli, mbele ya Mama, daktari na majirani wawili. Sauti ilikuwa ndogo, ila ilitoka. Mama akavua saa yake ya mkononi, akanivalisha mimi, akasema vifaranga wajao ni wangu. Kesho yake akazunguka kwa majirani wale wale kufuta maneno yake.

Alitaka kukupigia papo hapo. Nikamsihi aniachie mimi, nikuandikie hawa wapya wakishavuka umri ule. Najua, nimechelewa tena. Nisamehe.

Wasalimie wenzako wa chumbani, na uwaambie mkono wako haukukosea.

Mdogo wako akupendaye,
Kimya