Mjomba wa Ukumbi wa Chini

Mbagala,
Jumapili jioni.

Dada yangu Atuganile,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje na baridi ya Tukuyu? Ndizi ulizotuma zilifika salama, na majirani wanakushukuru kuliko mimi. Mie sijambo kabisa. Ningeweza kupiga simu, lakini nakujua, ungeanza kucheka kabla sijafika kwenye jambo lenyewe. Ndiyo maana nimempa binti yangu Blessing barua hii akuletee.

Unakumbuka ulivyonigombeza kwamba tangu mama yake Blessing atutoke nimejifungia ndani kama mwali? Basi nilikusikiliza. Nikodemu wa kazini alinialika kwenye sendofu ya binti yake, nikashona shati la sare, kitenge cha zambarau chenye maua ya njano. Jengo lile lina kumbi mbili, juu na chini. Kufika chini nikaona akina mama wamevaa kitenge changu, nikaingia kwa furaha. Kumbe Nikodemu yuko ukumbi wa juu, na Kariakoo hawauzi kitenge kimoja kwa familia moja!

Hata kiti sijapata, vigelegele vikalia: mjomba kafika! Nikashikwa mikono hadi mbele, mshereheshaji akatangaza, wakwe wakasimama. Mama wa binti, mjane aitwaye Editha, akaninong'oneza huku akitabasamia kamera: "Kaka, mie sikujui. Kaka yangu gari limemharibikia Kibiti. Nisitiri."

Hao ni Wamakua wa Masasi, dada, na kwao mjomba ndiye mwenye sauti. Bila yeye binti haagwi. Wengi pale walikuwa hawajamwona miaka mingi, walijua tu kwamba mwanaume atakayekuja na kitenge kile ndiye.

Ningefanyaje? Nikamshika mkono bibi harusi mtarajiwa, Yustina, nikamwambia yale niliyojiwekea kumwambia Blessing siku yake: aende akajenge kwake, ila mlango wa nyumbani hautafungwa nyuma yake. Nikalia kweli, na ukumbi ukalia na mimi.

Tunakata ndafu, mara akaingia mjomba mwenyewe, Ferdinand, kajaa vumbi, shati lile lile. Nilitamani kuingia chini ya meza. Editha akasimama akaeleza yote mbele za watu. Ferdinand akanitazama juu hadi chini, akasema lau gari lake lingekuwa na spea kama mimi angefika mapema. Wakwe wakaangua kicheko, binti akabarikiwa mara ya pili. Huko juu Nikodemu alinisubiri hadi sherehe ikaisha, akaninunia wiki nzima.

Editha ni fundi cherehani, kibaraza chake si mbali na kwangu. Nilianza kwa kumpelekea shati lililokatika kifungo. Nguo mbovu zilipokwisha nikaanza kupeleka nzima. Alizipokea bila kuuliza. Alinisimulia habari za marehemu mumewe, nami nikamweleza za marehemu mke wangu, mambo ambayo hata wewe sijawahi kukuambia. Siku hizi mchana nakula na watu, dada, na nimenenepa.

Sasa jambo lenyewe. Nampenda Editha na nataka kumuoa. Blessing anajua, na amefurahi. Taabu ni kwamba, japo ukweli wanaujua, mtaa mzima umezoea kuniita kaka yake, na Yustina ananiita mjomba hadi leo! Nilimwendea Ferdinand, akacheka hadi akakohoa, kisha akasema posa ataipokea kwa wakubwa wangu tu. Editha mwenyewe hajasema ndiyo wala hapana. Anasema kaka alishamwokota ukumbini, lakini mume hamwokoti; kwanza awaone ndugu zangu. Naogopa, dada. Nikimkosa huyu nitarudi kule kule ndani ulikonitoa. Wewe ndiye mkubwa wetu, njoo.

Nilitaka kuishia hapo, lakini Editha amepita sasa hivi akiwa na kipande cha kitenge kile kile, kimebaki, anataka kukushonea gauni. Akaniuliza, macho yakiwa kwenye kitambaa, eti wifi yake ana kiuno cha inchi ngapi.

Wifi, dada! Amesema wifi! Nikarukia kalamu kabla sijamkaribisha kiti.

Msalimie shemeji na watoto wote, na jirani mwenye redio. Blessing amebeba futi ya fundi, mwache akupime siku hiyo hiyo atakayofika.

Mdogo wako akupendaye,
Stanley