Pointi Tisa

Tarehe 4 Januari

Shemeji yangu mwenye bucha,

Salamu nyingi kutoka kwa wanyonge wa mkasi. Huku sote wazima, isipokuwa kiuno changu, ambacho siku hizi kinaishi maisha yake binafsi. Wewe je, biashara inaendaje? Dada yangu hajambo? Bado anakuvumilia?

Nasikia matokeo ya kidato cha nne yanatoka mwezi huu. Mwambie binti yenu Kimbaumbau asikose usingizi. Amesoma mpaka shingo imekuwa kama mpini wa kijiko. Mara ya mwisho alipoingia kinyozini kwangu nilidhani ni kivuli cha mtu aliyeko nje. Mimi mjomba wake niliondoka na pointi thelathini na tatu, darasa zima hakuna aliyenifikia, ndiyo maana leo nchi imenikabidhi vichwa vya watu. Asiponifikia, msimpige.

Shemeji wako

Tarehe 22 Januari

Shemeji,

Nakusalimu, ingawa mkono huu unaoandika umevimba. Mimi afya njema. Ya mpwa wako tutaona.

Matokeo yamebandikwa ukutani shuleni. Nilifunga bucha, nikavaa shati la harusi, nikaenda mwenyewe. Kijana wa jirani yetu Fundi Cherehani, yule anayecheza karata kutwa: pointi thelathini na mbili, daraja la nne. Wetu, Shemeji, tisa. Tisa. Daraja la kwanza, yaani wenzake wamepanda mpaka la nne, yeye kakalia ngazi ya chini. Fundi aliinamisha kichwa tu, hakujisifu hata kidogo. Ule unyenyekevu uliniuma kuliko kama angenicheka.

Nikarudi nikamkuta jikoni anaimba. Anaimba. Nilianza na mkanda, ukakatika. Nikachukua mpini wa shoka la mifupa. Unajua alisema nini? "Baba, chache ndizo nzuri." Nikamwuliza, nyama kidogo ndiyo nzuri? Miaka yote nimesimama mbele ya mizani, sijaona kilo tisa zikizidi thelathini. Nikampiga kwa kufeli, kisha nikampiga upya kwa uongo. Akainua mkono kujikinga, nikasikia mfupa, na mifupa mimi naijua. Nikampiga la kichwani, damu ikatoka sikioni, ndipo akanyamaza. Dada yako alijitupa katikati naye akapata fungu lake. Kalala chumbani, hasemi na mtu.

Sakafu nimeshaosha. Wewe uliyepata thelathini na tatu, mwandikie umtie akili.

Shemeji

Tarehe 27 Januari

Shemeji,

Barua yako nimeisoma mteja akiwa kitini, kichwa kimenyolewa nusu. Nimemwacha hivyo hivyo.

Sikiliza taratibu. Masomo ni saba. Anayefanya vizuri kabisa katika somo hupewa pointi moja, anayeanguka hupewa tano, halafu zinajumlishwa. Saba ndiyo kilele. Thelathini na tano ni shimoni. Daraja la kwanza ndilo bora. La nne ni la kuonyeshwa mlango. Fundi aliinamisha kichwa kwa sababu mwanawe amefeli. Mimi na thelathini na tatu zangu nilikuwa nakutania, kama ninavyokutania tangu umuoe dada. Sikujua ungenisoma kama tangazo la serikali.

Mtoto alikuwa anakwambia kweli, na kila aliposema kweli ulimwongezea.

Nakuja na basi la asubuhi. Usitoke nyumbani.

Kaka wa mkeo

Tarehe 19 Februari

Shemeji,

Salamu. Natumai mbavu zako zinaunga. Mimi taya limerudi mahali pake, sasa natafuna mkate. Wateja wanauliza nani kanifanya hivi, nawaambia fahali. Nikisema ni kinyozi nani atanunua nyama kwangu? Ungenitoa jino moja ningenyamaza, lakini mawili, halafu na stuli ya jikoni juu. Ukutani bado kuna alama ya kichwa changu. Fundi Cherehani aliyekuja kutuamua hajanisamehe shati lake.

Basi ulipoondoka na mke wangu na mtoto, nilikwenda kwa mwalimu mkuu. Alinichorea ubaoni kama mtoto mdogo, na sasa mtihani naufahamu, hata ukiniamsha usingizini nitakueleza. Tisa ni A tano na B mbili. Shule nzima hakuna aliyemkaribia. Yeye ndiye wa kwanza, Shemeji. Nimemwambia kila anayekuja kununua hata robo kilo. Mwambie baba yake anaomba radhi, alikosea hesabu. Nani hajawahi kukosea hesabu? Nimeshamnunulia sanduku la shule. Mrudishe na mama yake, yaishe.

Shemeji wako

Tarehe 2 Machi

Shemeji,

Salamu zimefika. Mbavu zinauma nikicheka tu, na kwa kazi yangu kucheka ni nusu ya mapato. Kuhusu ngumi usinisifu sana. Nilipiga nimefumba macho, nikashangaa kukuta kitu.

Dada ameanza kula. Binti amefungwa plasta mpaka begani. Daktari anasema mkono utapona, ila hautanyooka wote. Sikio la kushoto halisikii tena. Anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto kwenye meza yangu ya vioo, na herufi zinatembea kama walevi. Shule aliyochaguliwa inafunguliwa Julai, hataki kuikosa. Juzi nilimsogelea ghafla nikiwa na kitana mkononi. Aliinua ule mkono wa plasta akafunika uso, mimi huyu, ambaye hata nzi namfukuza kwa kumwomba.

Nilimsomea barua yako, upande wa sikio zima. Nikamwuliza tukujibu nini. Akasema:

"Mjomba, muulize kitu kimoja. Kama ningepata thelathini na mbili kweli, kile kipigo kingekuwa halali yangu?"

 Nikaenda kufagia nywele sakafuni. Swali lake nakuletea kama lilivyo. Wanarudi au hawarudi, itategemea utakavyojibu.

Shemeji

Tarehe 11 Julai

Kwako baba wa binti,

Salamu. Tangu Machi sijapata barua. Mgonjwa si mgonjwa, maana dereva wa lori la ngozi anasema bucha iko wazi na unauza kama kawaida.

Jana tulimpeleka shuleni, mimi na dada. Mwalimu wa mapokezi alikuwa mama mpole. Akamwuliza akiugua aitwe nani. Akajibu, mama, au mjomba. Mwalimu akauliza, "Na baba je, yupo?"

"Yupo," akasema. "Bado yuko kwenye swali la kwanza."

Mjomba wake