Taarifa kwa Tata Kuhusu Kamera ya Nyuma

Tata,

Mama anaweza kubaki nyumbani Kaagya, mradi kamera ya nyuma iwe imewekwa kabla ya mwezi huu kwisha. Amesema hivyo mwanao Deo, kwa simu kutoka Dar es Salaam, jana jioni. Mama naye amesema kamera hiyo haiwekwi mpaka wewe uarifiwe. Hilo nimelisikia kwa masikio yangu, nje ya jiko, akininyooshea mwiko. Kwa hiyo nakuarifu.

Najua swali lako la kwanza. Umeona mwenyewe au umeambiwa? Ulimuuliza hivyo yule mfugaji wa Ngenge aliyesema ng'ombe wake ameuawa na nyoka, mimi nikiwa nimebeba sanduku lako la sindano, nina miaka tisa. Akajikuna kichwa, akakiri kwamba habari ya nyoka aliambiwa na shemeji yake. Ulipompasua ng'ombe ukamkuta na mfuko wa plastiki tumboni. Watu huniuliza nilisomea wapi uandishi wa habari. Huwa nawatajia chuo, lakini nilianza siku ile. Basi, mengi ya nitakayokueleza nimeyaona mwenyewe. Nisiyoyaona nitataja aliyeniambia.

Chanzo ni mundu wako. Ule wa kupogolea migomba, uliotukataza hata sisi wanao kuugusa. Miezi miwili iliyopita Mama alifungua stoo akakuta msumari wake ukutani mtupu. Kufuli zima, mlango mzima, mundu haupo. Alinipigia mimi, nami nikafanya kosa la kumwambia Deo. Deo, ambaye hajaingia stoo hiyo tangu tulipokuzika, alitangaza siku hiyohiyo kwamba kuna mwizi mwenye ufunguo, na kwamba mwanamke wa umri wa Mama hawezi kuishi peke yake katikati ya migomba. Ahamie kwangu mjini, Rwamishenye.

Hapa natangaza maslahi yangu. Nilipenda ahamie. Chumba nilikuwa nimeshakipaka rangi.

Mama alitusikiliza wote wawili mpaka mwisho, kisha akasema, "Na kibanja hiki cha migomba nimwachie nani? Na yule?" Yule ni wewe. Alikuonyesha kwa kidevu, huko kaburini nyuma ya nyumba, kama alivyokuwa akikuonyesha ulipokuwa umekaa barazani naye amekasirika.

Suluhu ilikuwa kamera. Deo alisema kama ataona nyumba kwenye simu yake muda wowote, atatulia. Nikamtafuta fundi mjini Bukoba, anaitwa Zuwena, binti mwembamba anayepanda ngazi na waya mdomoni na drili begani. Alifika moja kwa moja kutoka kazi nyingine Muleba, ana haraka. Mama akamwekea kikapu cha kahawa ya kutafuna. Zuwena akasema, "Bibi, nikimaliza." Mama akasema, "Ukuta hauhami. Kaa." Akakaa, akatafuna punje tatu, akajibu maswali kuhusu wazazi wake, ndipo akaruhusiwa kutoboa.

Deo alikuwa ametuma mchoro. Kamera ya kwanza getini, ya pili barazani, ya tatu mlangoni pa stoo. Maelezo yake yalikuwa kwamba mgeni huingia getini, hupita uwanjani, hufika barazani. Mimi nilikuwepo, na sikuuliza swali hata moja. Miaka ishirini na miwili nawauliza watu maswali redioni, na siku hiyo nilishika ngazi tu. Mama alikuwa na swali moja: mwanga wa kamera utavuta senene wa kukaanga? Zuwena akamwambia mwanga wake hauonekani kwa macho. Kuanzia hapo Mama alipoteza hamu na kazi yote.

Siku tano za kwanza zilikuwa za kujifunza. Kila jani la mgomba likitikiswa na upepo wa ziwani, simu ya Deo ililia kwamba mtu ameingia. Zuwena alirudi akazipunguzia kamera makali. Siku iliyofuata picha zikakatika zote. Zuwena alirudi tena, akakuta mashine ya kurekodi, iliyokaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa chombo cha maua ya plastiki. Ilikuwa ya moto kama pasi. Mama hakuona kosa. "Kitu kukaa uchi sebuleni kwangu sijawahi kuona," alisema. Wamekubaliana kitambaa kikae chini yake badala ya juu.

Baada ya hapo kamera zilifanya kazi vizuri sana, na hilo ndilo lililotuletea balaa. Deo alitazama siku ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita. Getini hakuna mtu. Barazani hakuna mtu. Kuku alipita mara mbili. Alinipigia, na sauti yake haikuwa ya ukali tena. Aliniambia, "Dada, Mama hana mtu. Siku sita hajatembelewa hata na mbuzi. Mwisho wa mwezi naja na gari, namhamisha." Alikuwa karibu kulia, Tata. Unamjua, akiwa mkali ni heri.

Ningeweza kusoma habari hiyo kama ilivyo. Chanzo kipo, picha zipo, tarehe na saa zimeandikwa pembeni. Lakini nilikumbuka nyoka wa Ngenge. Jumanne nikaomba ruhusa kazini, nikaenda Kaagya na daftari, nikakaa kwenye kigoda jikoni kwa Mama kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni.

Walikuja watu kumi na mmoja. Wawili walileta maharage mabichi. Mmoja alikuja kuomba moto. Mmoja alileta habari, akaondoka na nyingine. Mke wa Ta Projesti, jirani yako wa upande wa mteremko, alikuja mara mbili, nami nimemhesabu mara moja. Hakuna hata mmoja aliyepita getini. Wote walitokea kwenye migomba, kwa ile njia ya nyuma inayopita kando ya kaburi lako, na wengi walikusalimu wewe kwanza ndipo wakaingia jikoni kumsalimu Mama. Mmoja alikueleza habari za goti lake. Nilimsikia.

Hapo ndipo nilipojua tulichofanya. Deo alipanga kamera kama mtu wa Dar es Salaam, na mimi nikaitikia kama mtu wa Rwamishenye. Nyumbani kwetu getini hupita magari, mapadri na watu wa serikali. Mara ya mwisho mbawa zote mbili za geti kufunguliwa ilikuwa ni wewe unaingia, umebebwa. Hilo niliandika, kisha nikafunga daftari kwa muda.

Nilimpigia Deo nikamsomea orodha. Akasema kamera haidanganyi. Nikamwambia haikudanganya, ni yeye aliyeielekeza pasipo na watu. Akasema mimi namtetea Mama. Nikamkumbusha chumba kilichopakwa rangi. Akasema basi nimwonyeshe mtu mmoja, mmoja tu, mbele ya kamera.

Ta Projesti alikuwa jikoni wakati huo, anasubiri mkewe amalize maongezi. Nikamwomba azunguke mpaka barazani, asimame karibu na kiti chako, Deo amwone. Akaenda na kofia yake na fimbo. Sikumweleza kwamba kamera ya barazani ina spika. Sikufikiri ni muhimu. Na sikufikiri kwamba Deo, akiwa na mafua na akiongea taratibu, ana sauti yako. Sisi tumeizoea kidogokidogo. Ta Projesti hajamsikia Deo tangu mazishi.

Sauti ikatoka ukutani, juu ya kiti chako: "Ta Projesti. Karibu. Kaa."

Nilikuwa mlangoni, kwa hiyo haya nimeyaona. Ta Projesti alivua kofia. Aliishika kwa mikono miwili kifuani. Hakukaa. Akasema, "Waitu, ndugu yangu, mundu ninao. Sikuuiba, wajua mwenyewe ulinipa. Ulipougua niliona aibu kuurudisha, isije ikaonekana nakuaga. Ulipoondoka nikaona aibu zaidi. Kesho asubuhi nauleta."

Halafu Mama, aliyekuwa nyuma yangu, alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango, mpaka mke wa Ta Projesti akaja mbio akidhani ni kilio. Sijamsikia Mama akicheka hivyo tangu ulipotutoka. Siku hizi zote alikuwa akicheka kwa heshima tu, mtu akisema neno la kuchekesha. Hii ilikuwa ile yake, ya kupiga paja.

Ta Projesti sasa anasema alijua tangu mwanzo kwamba ni Deo. Naandika madai yake kama alivyoyatoa. Kesho yake asubuhi aliuleta mundu, umenolewa mpaka unang'aa. Alipita barazani akauinua mbele ya kamera, upande mmoja kisha wa pili, kama mtu anayeonyesha tiketi, ndipo akauweka kwenye kiti chako. Deo ameihifadhi picha hiyo. Mundu umerudi kwenye msumari wake. Kwa hiyo mwizi hakuwapo, ufunguo wa pili haukuwapo, na aliyetoa mundu stooni alikuwa mwenye mundu. Tata, ungetuambia. Sisi tulikatazwa hata kuugusa.

Baada ya hayo Deo hakuwa na hoja ya mwizi, akabaki na hofu yake, ambayo ni ya kweli na siibezi. Mama ana umri wake, na akianguka njiani kwenye migomba tutajua lini? Masharti yake ya mwisho ni kamera moja zaidi, nyuma, wanakopita watu. Akiwaona watu hao kila siku, gari halitakuja. Asipowaona kufikia mwisho wa mwezi, litakuja. Mama amelikubali hilo. Amesema ni haki ya mtoto.

Zuwena alikuja kupima. Kuna mahali pamoja tu panapofaa, pembeni ya paa la jiko. Kutoka hapo kamera itaona njia yote, tangi la maji, mlango wa jikoni, na wewe. Hakuna namna ya kuona njia bila kukuona. Mahali pengine majani ya migomba yanaziba, na Zuwena alipendekeza tukate migomba mitatu. Mama aliuliza ni ipi. Alipoonyeshwa akasema migomba hiyo uliipanda wewe, na mgomba haukatwi ili kamera ione vizuri.

Basi akasimama muda, anatazama paa, anatazama kaburi. Kisha akaniambia, "Mtu hatazamwi amelala bila kuambiwa. Mwambie. Wewe ndiye mwandishi." Nikamuuliza tutajuaje kama umekubali. Akanishangaa. "Akinyamaza amekubali. Miaka arobaini na sita ndivyo tulivyoishi."

Hiyo ndiyo taarifa, Tata. Ufafanuzi wa kiufundi, maana ungeuliza: kamera hiyo haitakuwa na spika. Nimelisisitiza hilo kwa Zuwena mara mbili, kwa ajili ya moyo wa Ta Projesti. Picha zitaonekana kwenye simu mbili tu, ya Deo na yangu. Umeme ukikatika kuna betri ya sola. Na nakuahidi, na ahadi hii naiandika ili unibane nayo, kwamba sitakuwa naitazama kamera hiyo badala ya kuja. Kila Jumapili baada ya misa nitapanda Kaagya, nitapita njia ya nyuma, nitakusalimu wewe kwanza. Deo ataniona nikipita. Atanihesabu mara moja, hata nikipita mara mbili.

Chumba cha Rwamishenye nimeamua kukifanya cha wageni. Mama amesema atakuja kulala siku moja, akaone rangi.

Pumzika vizuri, Tata. Mama ni mzima, anakula, na tangu Jumanne anaimba anapomenya ndizi. Hilo nimelisikia mwenyewe.

Zuwena atafika Jumamosi saa nne asubuhi na ngazi yake. Mimi nitafika saa tatu, nikusomee barua hii pale ulipo, kwa sauti, kama Mama alivyoagiza. Kati ya saa tatu na saa nne hakutakuwa na mtu kwenye paa. Kama una neno, hiyo ndiyo nafasi yako.

Mwanao,
Koku